Kamera ya msikiti na mpaka wa jicho la dola

 

Mwezi uliopita walitujia wazee watatu wa kamati ya msikiti mmoja wa Ng'ambo. Msikiti wao umeibiwa mara mbili. Mara ya kwanza vilichukuliwa vipaza sauti, mara ya pili sanduku la sadaka pamoja na viatu vya waliosali Alfajiri. Vijana wakachangishana wakaweka kamera nne, na wizi ukapungua. Sasa ametokea mtu akawashauri kwamba kamera zile ziunganishwe moja kwa moja na wenye mamlaka, picha ziende huko usiku na mchana, na kompyuta izitambue sura za wanaoingia na kutoka. Mzee mmoja aliona ni jambo la kheri tupu. Wa pili alikuwa kimya. Wa tatu akatuuliza: "Maalim, hili linajuzu?"

Hatukumjibu siku ile. Tuliwaomba muda tusome, tuwaulize wenzetu, na tutazame yaliyowapata Waislamu wa nchi nyengine waliotangulia kuishi na mitambo hii. Kwa vile suala hili litazifikia kamati nyingi za Unguja na Pemba, tumeona bora jawabu yetu isomwe na wote.

Kwanza tuondoshe utata. Kamera ya ulinzi kwa dhati yake ni chombo, na hukumu ya chombo inafuata matumizi yake. Dola ina wajibu wa kulinda roho, mali na heshima za watu, na visiwa vyetu vina maradhi yanayohitaji ulinzi huo: dawa za kulevya, wizi, udhalilishaji wa watoto na wanawake. Mama aliyepotelewa na mwanawe Darajani usiku wa kuamkia Idi hana haja ya hotuba juu ya faragha, anamtaka mwanawe. Kamera za barabarani za mradi wa Mji Salama tumeshazizoea, na hatukuja hapa kuzipiga vita.

Suala letu ni kile kilichokaa nyuma ya kamera. Kamera ya kawaida huweka picha. Likitokea tukio, mtu huirejesha nyuma, akaangalia saa fulani na mahali fulani. Mtambo wa kutambua sura unafanya kazi nyengine kabisa. Unauchukua uso wa kila apitaye, unaugeuza kuwa mfululizo wa nambari, kisha unazilinganisha nambari hizo na orodha iliyohifadhiwa ndani yake. Haungoji tukio, wala hauchoki. Ukiunganishwa na mitambo ya kusoma namba za magari, na kumbukumbu za simu, na picha za vitambulisho, unaweza kumwambia aliyeukalia kuwa fulani bin fulani alisali Isha wapi kwa siku arubaini zilizopita, alikaa na nani barazani, na alirudi nyumbani saa ngapi.

Wapo watakaosema kwamba sheha naye anatujua sote. Ni kweli, na majirani pia. Lakini sheha husahau, huona haya, na akivuka mpaka kuna mzee wa mtaa wa kumwambia, "Bwana we, hili si lako." Na yeye mwenyewe tunamuona anavyotuona. Mtambo hausahau mpaka uamrishwe kusahau, na anayeutazama humjui.

Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, Allah (S.W.T.) amekataza dhana mbaya, kisha upelelezi, kisha kusengenya. Mpangilio huu una maana yake. Dhana ndiyo inayomsukuma mtu kuchungulia, na akishachungulia hakosi la kusema. Mtambo unaowapima wapita njia wote ili uone yupi ni mhalifu umeanzia pale pale aya ilipoanza kukataza: umemdhania kila mtu, kisha ndipo unatafuta wa kumwachia.

Sisi tuliosomeshwa Riyadhus Salihin tukiwa watoto tunakumbuka kwamba Imam Nawawi ameweka mlango mzima wa makatazo ya kupeleleza na ya kusikiliza mazungumzo ya wasiotaka kusikilizwa. Imo humo hadithi ya Muawiya (R.A.), iliyopokewa na Abu Daud, kwamba Mtume (S.A.W.) alimwambia kuwa akizifuatilia aibu za watu atawaharibu, au atakaribia kuwaharibu. Utotoni tuliipita mbio, tukidhani inawahusu majirani wadaku. Leo tunaangalia aliyeambiwa ni nani: ni mtu aliyekuja kuwa gavana wa Sham, kisha khalifa. Na hadithi inayoifuatia katika Sunan ya Abu Daud imemtaja amiri kwa jina la cheo chake, kwamba kiongozi akitafuta shaka kwa watu wake huwaharibu. Kwa hiyo katazo la tajassus linamuhusu mtawala kabla ya kumuhusu jirani, kwa sababu mtawala ndiye mwenye nguvu ya kudhuru.

Imam Ghazali katika Ihya ametaja kisa mashuhuri cha Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa akizunguka Madina usiku. Alisikia sauti ndani ya nyumba, akapanda ukuta, akamkuta mtu katika maasi. Yule mtu akamwambia kwamba yeye amemuasi Allah mara moja, lakini Khalifa amemuasi mara tatu: amepeleleza, ameingia pasipokuwa mlangoni, na hakubisha hodi wala kutoa salamu. Sayyidna Umar akamsamehe na kuondoka. Hatukijengei hukumu kisa hiki peke yake. Lakini tazameni kwamba maulamaa wamekipokea na kukisomesha karne baada ya karne bila kuona kuwa kinamvunjia heshima Khalifa. Waliona kinamtukuza.

Je, mlango umefungwa kabisa? Haukufungwa. Mawardi, kadhi aliyefariki Baghdad mwaka 450 Hijria, ameandika kitabu kizima juu ya hukumu za utawala. Katika mlango wa hisba anasema kwamba muhtasib hana ruhusa ya kuyafukua maovu yasiyodhihiri, ila pale ambapo mtu mkweli anayeaminika amempa khabari kwamba fulani amejitenga na fulani ili amuue. Hapo anaruhusiwa kuchunguza, tena kwa haraka, kwa sababu roho ikitoka hairudi. Katika mfano huu mmoja yumo mtu maalumu, si mtaa mzima. Ipo khabari kutoka kwa anayeaminika, na upo ubaya usioweza kurekebishwa. Na aliyechunguza anajulikana, anaweza kuulizwa. Tutaurejea mfano huu mwishoni, kwa sababu kwetu sisi ndio msingi wa jawabu.

Sasa twende Uingereza, ambako ndugu zetu wengi kutoka visiwa hivi wamehamia na kulea watoto. Mwaka 2010 wakaazi wa mitaa ya Sparkbrook na Washwood Heath katika mji wa Birmingham waliona nguzo za kamera zinachomoza kila pembe. Mitaa hiyo wakaazi wake wengi ni Waislamu. Waliambiwa ni kwa ajili ya wezi wa magari, wauza unga na wavunja amani, na wengi walifurahi, kwani nani hataki mtaa wake uwe salama? Jumla zilikuwa kamera 218, nyingi zikiwa za kusoma namba za magari. Kati ya hizo 72 zilikuwa zimefichwa, hata madiwani hawakuelezwa ipasavyo.

Waandishi wa habari walipofuatilia fedha, kiasi cha pauni milioni 3, waligundua kwamba zilitoka katika mfuko wa kupambana na ugaidi. Mpango ulikuwa ni kuizungushia mitaa ile uzio wa mitambo, gari isiingie wala kutoka bila kuandikwa. Hakuna mkaazi aliyetuhumiwa kwa jina. Kosa lao lilikuwa anwani zao.

Watu wakapiga kelele, Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Wanasheria wa haki za raia wakatishia kwenda mahakamani. Kamera zikavishwa mifuko ya plastiki ili wakaazi waone kuwa hazifanyi kazi. Mkuu wa Polisi wa eneo jengine, Sara Thornton, akapewa kazi ya kuchunguza, na ripoti yake ikasema wazi kwamba uhalali wa mpango haukufikiriwa inavyopaswa na wananchi hawakuelezwa ukweli. Mkuu wa Polisi wa pale, Chris Sims, akaomba radhi. Mwaka 2011 kamera zikang'olewa.

Tunakitaja kisa hiki kwa urefu kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo wazee wetu wa kamati hawakuliona. Watu wa Birmingham hawakudhulumiwa na wezi wala na magaidi. Walidhulumiwa na niya iliyofichwa nyuma ya niya njema. Kamera iliyopokewa kwa ajili ya mwizi wa gari ilikuwa imeshapangiwa kazi nyengine kabla nguzo yake haijasimama. Na hasara kubwa haikuwa pauni milioni 3. Ilikuwa ni kwamba kijana wa mtaa ule akiona jambo la hatari kweli, alikuwa na sababu moja zaidi ya kutokwenda kumwambia polisi.

Kuna hoja tunayoisikia kila tukizungumza haya: asiyekuwa na la kuficha anaogopa nini? Hoja hii inawapendeza watu, lakini haikulelewa na dini yetu. Mke wa mtu anavua mtandio akifika kwake, na hana alilolificha. Mtu hutoa sadaka yake kwa siri, wala hajaiba. Binti huenda kwa daktari wa wanawake na hataki ami yake ajue. Bukhari na Muslim wamepokea hadithi ya mtu aliyechungulia kwenye tundu ya chumba cha Mtume (S.A.W.), akaelezwa kwamba hodi imewekwa kwa ajili ya macho. Sitara kwetu ni haki ya mtu mwema kabla ya kuwa kificho cha mtu mbaya. Na visiwa hivi vimepitia miaka ambayo mtu alijulikana kwa rangi ya bendera yake, akapata au akakosa kwa sababu hiyo. Aliyeishi miaka ile hahitaji kuelezwa kwa nini orodha ya nani alikaa na nani ni kitu kizito.

Jambo la pili ambalo familia zetu zinapaswa kulijua ni kwamba mtambo hukosea, na haukosei kwa usawa. Desemba 2019 taasisi ya vipimo na viwango ya Serikali ya Marekani, NIST, ilitoa matokeo ya kuzipima programu 189 za kutambua sura. Katika nyingi kati ya hizo, makosa ya kumfananisha mtu na asiyekuwa yeye yalikuwa zaidi kwa sura za Waafrika na watu wa Asia kuliko za Wazungu, mara 10 hadi mara 100 kwa kutegemea programu. Wanawake nao walikosewa zaidi kuliko wanaume. Ndugu msomaji, hizo ndizo sura zetu na za mama zetu.

Tufanye hesabu ndogo. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 1,889,773 Zanzibar. Tuseme tumepata mtambo mzuri, unaokosea mara moja tu katika kila nyuso 1,000. Ukituangalia sote mara moja tu, watu wapatao 1,890 wataambiwa ni watu wengine. Na mtambo hautuangalii mara moja. Unatuangalia kila tukishuka botini, kila tukipita njia panda.

Robert Williams wa karibu na Detroit, Marekani, ni mmoja wa waliolipia makosa hayo. Januari 2020 polisi walimtia pingu mbele ya nyumba yake, mkewe na binti zake wawili wadogo wakiangalia, kwa wizi wa saa dukani ambao hakuufanya. Kompyuta ilikuwa imeifananisha picha mbovu ya kamera ya duka na picha ya leseni yake ya zamani. Alikaa mahabusu kiasi cha saa 30. Alishitaki, na mwezi Juni 2024 Polisi wa Detroit wakafikia naye sulhu inayowakataza kumkamata mtu kwa matokeo ya mtambo peke yake.

Mwanafunzi yeyote wa fiqhi angeliwaambia hayo mapema. Aya ya 6 ya sura ile ile ya Hujurat inatutaka tuithibitishe khabari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga. Shahidi anaulizwa uadilifu wake, anaulizwa alisimama wapi na aliona nini. Mtambo hauulizwi. Kwa hiyo kauli yake haiwezi kuwa ushahidi. Ukiupandisha sana utaufanya qarina, alama ya kumfanya mtu aende akatafute, na baada ya hapo mzigo wote unabaki kwa binadamu aliyetia saini.

Na pasipokuwa na mpaka wowote tunapajua pia. Novemba 2019 zilivuja nyaraka za ndani za China zinazohusu mkoa wa Xinjiang, nchi ya ndugu zetu Wauighur. Serikali ya China ilisema ni za kubuni. Watafiti waliozichunguza walizikubali. Waraka mmoja ulieleza kwamba katika wiki moja ya Juni 2017 mtambo mkuu wa kukusanya taarifa uliwatoa watu 24,412 wa kutiliwa shaka kusini mwa mkoa ule, na 15,683 kati yao wakapelekwa kwenye kambi zinazoitwa za mafunzo. Mapema mwaka huo huo wa 2019, Human Rights Watch waliifungua programu ya simu iliyotumiwa na polisi wa huko wakaona mambo yaliyohesabiwa kuwa ya kutilia shaka. Yamo kutumia umeme mwingi, kutotumia mlango wa mbele, kutochanganyika na majirani, na kuchangisha kwa hamasa fedha za msikiti. Wazee wetu watatu wangeliingia katika orodha hiyo kwa sanduku lao la sadaka.

Hatusemi kwamba Zanzibar ni Xinjiang, na anayesema hivyo anawadhulumu wote wawili. Tunasema kwamba mashine ni ya aina moja. Kinachozitafautisha nchi ni sheria iliyoizunguka.

Hata Serikali isiyoweka mtambo wake inaweza kununua macho ya wengine. Novemba 2020 iligundulika kwamba Muslim Pro, programu ya nyakati za sala na qibla iliyopakuliwa mara zaidi ya milioni 98, ilikuwa ikipeleka mahali alipo mtumiaji kwa kampuni ya X-Mode, na kampuni hiyo iliuza taarifa kwa wakandarasi wa jeshi la Marekani. Muslim Pro walisema wamevunja uhusiano huo. Mtu alifungua simu aelekee qibla, na mahali alipo pakaingia sokoni. Sheria yoyote ya kuiwekea dola mpaka, basi, ihusu pia taarifa ambazo dola haikuzikusanya yenyewe.

Mpaka unawezekana. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliwaambia Polisi wa South Wales kwamba namna walivyoitumia mitambo ya sura katika mitaa ya Cardiff si halali. Mahakama haikusema mitambo isitumike abadan. Ilisema kwamba haikuwa wazi nani anaweza kuingizwa katika orodha ya wanaotafutwa na mitambo inaweza kuwekwa wapi, na askari wameachiwa uhuru mkubwa mno katika mawili hayo. Pia hawakujiridhisha kwamba programu haiwabagui watu kwa rangi na jinsia. Nchi za Umoja wa Ulaya nazo zimepitisha sheria ambayo tangu Februari 2025 inawakataza polisi kutambua sura za watu papo hapo katika maeneo ya umma, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa, kama kumtafuta mtoto aliyetekwa.

Na jirani zetu Kenya wana somo lililo karibu zaidi. Serikali yao ilipoanzisha Huduma Namba mwaka 2019, waliotangulia mahakamani ni pamoja na jumuiya ya Wanubi, Waislamu ambao kwa vizazi wamekuwa wakisumbuliwa kupata vitambulisho. Januari 2020 Mahakama Kuu ilizuia kukusanya vinasaba na mahali mtu anapoishi kwa vipimo vya setilaiti, na ikataka pawepo kwanza utaratibu wa kisheria wa kutosha. Oktoba 2021 mahakama ikabatilisha utoaji wa kadi kwa sababu madhara yake kwa taarifa za watu hayakutathminiwa kabla. Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo ni watu wa Kibera, si mabwana wakubwa.

Kwetu sisi, msingi umeshawekwa. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalinda faragha ya mtu, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake, na Katiba ya Zanzibar ya 1984 ina kifungu chake cha 15. Ibara ya 16 inataka sheria iseme faragha inaweza kuingiliwa katika hali gani, kwa namna gani na kwa kiasi gani. Ukiyasoma maneno hayo ukiwa umetoka kwa Mawardi unaona kwamba hamna ugomvi hapa baina ya dini na katiba.

Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023 na yenye Tume yake. Lakini kwa Zanzibar inahusu mambo ya Muungano, na ndani yake ina misamaha kwa masuala ya usalama wa taifa na uzuiaji wa uhalifu. Polisi ni jambo la Muungano, basi sheria inawafika. Hapo hapo penye mtambo wa sura ndipo penye msamaha. Alama za vidole tulishazitoa, tukapanga foleni mpaka Januari 2020 kwa khofu ya laini kuzimwa, na wachache sana waliuliza zinakwenda wapi. Safari hii tuulize kabla.

Tunayotaka wawakilishi wetu wayaweke katika sheria si makubwa. Mtambo wa kutambua sura usiwashwe mahali pa umma mpaka sheria imetaja kosa gani linaustahiki, na makosa hayo yawe ya kuhatarisha roho, au kutekwa na kudhalilishwa mtoto, mambo yasiyorekebishika. Jina liingie katika orodha kwa idhini ya hakimu, si kwa simu ya mkubwa. Mtu asikamatwe kwa kauli ya kompyuta. Picha za wasiotafutwa zifutwe papo hapo. Na milango ya misikiti, makanisa na ofisi za vyama isitazamwe kwa mitambo hiyo, kwa sababu hapo ndipo dhana inapogeuka kuwa daftari la itikadi za watu. Anayetazama picha za wanawake naye ajulikane ni nani. Hili halisemwi sana na wanasheria, lakini kina mama wa visiwa hivi wanalisema kila tukikaa nao.

Wapo masheikh wenzetu, na tunawaheshimu, wanaoona kwamba haya ni kumuingilia ulul amri katika maslaha ya umma. Utiifu ni katika mema, na kumnasihi kiongozi ni sehemu ya utiifu huo. Kiongozi mwema wa leo anapaswa kuogopa kumwachia atakayekuja baada yake chombo kisichokuwa na mlinzi.

Basi wazee wetu walirudi baada ya wiki mbili, safari hii wakiwa wanne. Tuliwaambia kamera zao zibaki. Wasiziunganishe moja kwa moja na mtu yeyote, wala wasiziwekee programu ya kutambua sura. Akiibiwa mtu au akidhuriwa, polisi waje na barua inayotaja siku na saa, wapewe sehemu hiyo nzima bila kuficha, maana kumficha mwizi pia ni dhulma. Picha nyengine zifutwe kila baada ya wiki mbili, na ufunguo wa mashine akae nao mtu mmoja anayejulikana, jina lake libandikwe ubaoni. Tukawauliza kamera ya nne inaangalia wapi. Wakatazamana. Ilikuwa inaangalia mlango wa wanawake na sehemu yao ya kutilia udhu.

Mzee aliyekuwa kimya safari ya kwanza ndiye aliyejibu: "Ile tutaing'oa leo, Maalim, kabla ya Magharibi." Jioni yake alitupigia simu kuwa imeshahamishiwa kwenye geti la barabarani.